Dawa Zilizotoka Udongoni

Mwaka 1948, Elizabeth Lee Hazen alikwenda kupumzika kwa marafiki zake waliokuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa huko Virginia, Marekani. Aliporudi New York alikuwa na udongo wa shamba lile ndani ya chombo. Umri wake ulikuwa umepita miaka 60, na udongo ndio uliokuwa kazi yake: alikuwa mtaalamu wa vijidudu katika maabara ya Idara ya Afya ya Jimbo la New York, akitafuta katika ardhi kiumbe kinachoweza kuua fangasi bila kumuua mtu.

Kazi hiyo ilikuwa na haraka yake. Penisilini na wenzake walikuwa wameanza kuwanyamazisha bakteria, lakini bakteria wakiondoka mdomoni na tumboni, fangasi walioishi nao kwa kubanana hupata nafasi na kutanuka. Mgonjwa aliyeponywa homa ya mapafu wiki hii, wiki ijayo alifunikwa ulimi na koo kwa utando mweupe. Waganga hawakuwa na dawa ya kumpa.

Hazen aliotesha vijidudu vya kila udongo aliopata, akavijaribu dhidi ya fangasi wawili, kandida na kriptokokasi. Vilivyofaulu alivitia kwenye chupa ya kioo, akaipeleka posta. Chupa ilisafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Albany, kwa mkemia Rachel Fuller Brown, ambaye alikamua kile kilichokuwa kikiua na kumrudishia mwenzake kwa posta ile ile. Karibu vyote vilivyoua fangasi viliua pia panya wa maabara. Udongo wa Virginia haukufanya hivyo. Kijidudu chake wakakipa jina la ukoo wenye shamba, Streptomyces noursei, na dawa iliyotoka humo, iliyotangazwa mwaka 1950, ikaitwa nistatini kwa heshima ya jimbo lililowaajiri. Mapato ya hataza yalizidi dola milioni 13. Wanawake wale wawili hawakuchukua chochote. Zote walizielekeza kwenye utafiti wa kisayansi.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wameishika dawa hiyo mkononi. Ni ile ya maji ya rangi ya manjano anayodondoshewa mtoto mchanga mdomoni anaposhindwa kunyonya kwa sababu ya utando. Ni dawa njema, lakini ina mpaka: hufanya kazi mahali inapogusa tu, na haichomwi kwenye mshipa kwa kuwa hapo inageuka sumu. Mwaka 1950 mpaka huo haukuwasumbua wengi. Fangasi aliyeingia kwenye damu, mapafu au ubongo alikuwa nadra, jambo la kuandikwa katika jarida la kitabibu kama ajabu.

Miaka minne baadaye upasuaji ulizaa aina mpya ya mgonjwa.

Tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja ya Ronald Herrick wakampandikiza pacha wake, Richard, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa. Walikuwa mapacha wa kufanana. Madaktari walijihakikishia kwanza kwa kuwabadilishia vipande vya ngozi, na ngozi ya mmoja ikashika kwa mwingine kana kwamba ni yake. Figo nayo ilishika. Richard alitoka hospitalini, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, akapata watoto wawili, akaishi hadi 1963. Hakumeza dawa yoyote ya kuulegeza mwili wake, kwa sababu mwili haukuona mgeni.

Lakini ni wagonjwa wangapi wana pacha wa kufanana? Kwa wengine wote figo iliyoingizwa ni mgeni, na mwili una bawabu asiyelala. Bawabu huyo, kinga ya mwili, hamjui mfadhili wala mwizi. Anajua wa ndani na wa nje, basi. Ili figo ya mtu mwingine ikae, ilibidi bawabu alazwe usingizi, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua kumlaza bila kumuua.

Boston walijaribu mionzi. Wagonjwa 12 walipigwa mionzi mwili mzima ili kuua kinga yao, kisha wakapandikizwa. Wakafungiwa katika vyumba vilivyosafishwa kama altare, wakihudumiwa na watu waliojifunika. Mmoja tu ndiye aliyeishi miaka. Naona sura hii ya historia inapitwa kwa haraka mno katika vitabu vya sifa za upasuaji. Wale 11 waliofariki waliwafundisha madaktari somo lililotawala miaka yote iliyofuata: tatizo la kupandikiza halikuwa kushona mishipa ya damu. Mishipa ilishonwa vizuri.

Suluhisho la kwanza lilitoka kwa Gertrude Elion na George Hitchings, waliokuwa wakitengeneza dawa za saratani ya damu. Mojawapo, iliyoboreshwa ikawa azathioprini, ilijaribiwa kwa mbwa na daktari mpasuaji Mwingereza, Roy Calne, na mwaka 1962 kule Boston ikafanikisha figo iliyotolewa kwa marehemu asiye na undugu na mgonjwa. Mwaka uliofuata, mjini Denver, Thomas Starzl aliiongezea steroidi, prednisoni kwa wingi, na ghafla figo nyingi zilianza kudumu. Madaktari kutoka nchi mbalimbali walisafiri kwenda Denver kujionea kwa macho.

Walichokiona pia, wodini na katika chumba cha maiti, ni kuvu.

Mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri. Figo inatoa mkojo, uvimbe wa miguu umeshuka, familia imeanza kupanga safari ya kurudi nyumbani. Kisha homa isiyo na kishindo. Kikohozi kikavu. Picha ya eksirei inaonyesha kivuli katika pafu, na antibayotiki haikigusi. Madaktari wanaongeza nyingine, kivuli kinakua. Makohozi yanapelekwa maabara na hayaoteshi kitu. Baada ya wiki mbili mgonjwa anakohoa damu, au anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka kwa sababu ugonjwa umefika kichwani, na jibu linapatikana akiwa amekwisha kufa: nyuzi nyembamba, zinazojigawa kwa pembe kali kama matawi ya mti, zimetoboa mishipa ya damu ya mapafu na kuiziba, na nyama iliyotegemea mishipa hiyo imeoza. Mwaka 1964 timu ya Denver ilieleza homa ya mapafu ya ajabu ya waliopandikizwa, na mwaka 1967 David Rifkind na wenzake wakachapisha ripoti nzima kuhusu fangasi wa mwilini kwa wagonjwa wa figo. Haikuwa ajabu tena.

Kuvu mwenye nyuzi hizo, aspajilasi, alikuwa na jina la kanisani tangu zamani. Mwaka 1729 padri na mtaalamu wa mimea wa Florence, Pier Antonio Micheli, alimtazama kwa hadubini, akaona kichwa chenye mistari ya chembe kikifanana na kifaa cha kunyunyizia maji ya baraka, akampa jina hilo. Chembe hizo ni ndogo sana. Elfu kadhaa zikipangwa mstari mmoja hazifikishi sentimita mbili. Zinaruka hewani kila mahali, na kila mmoja wetu anavuta mamia kwa siku. Hatuugui kwa sababu seli za ulinzi katika mapafu zinazila mara zikitua. Zaidi ya hapo, joto la damu yetu, nyuzi 37, huwashinda fangasi wengi wa porini. Aspergillus fumigatus halimshindi. Makazi yake ni lundo la majani na samadi inayooza, ambalo likichemka ndani hupita nyuzi 50. Kwa kuvu aliyezoea tanuri hilo, pafu la binadamu ni kivuli cha mwembe. Kilichokuwa kikimzuia ni bawabu peke yake, na bawabu amelala kwa amri ya daktari.

Kandida yeye hahitaji hata kuja. Yuko tumboni na mdomoni mwa watu wengi tangu utotoni, na wahenga walipomwonya mtu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wakifikiria utumbo, lakini maneno yanamfaa. Mpira ukiingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, au utumbo ukipasuliwa na kushonwa, anapata njia ya kuingia kwenye damu.

Dunia ilipofungua macho kutazama upandikizaji, ilitazama Afrika. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard aliuhamisha moyo wa Denise Darvall, msichana aliyegongwa na gari, akauweka katika kifua cha Louis Washkansky, muuza vyakula. Picha zake akitabasamu kitandani zilizunguka dunia. Siku chache baadaye mapafu yalionyesha vivuli. Madaktari walijiuliza swali ambalo kila daktari wa waliopandikizwa hulikuta usiku mmoja au mwingine: mwili unaukataa moyo, au kuna kijidudu? Majibu mawili hayo yanadai matibabu yanayopingana. Kama ni kukataa, ongeza dawa za kulaza kinga. Kama ni kijidudu, punguza. Waliamua ni kukataa, wakaongeza. Ilikuwa homa ya mapafu ya bakteria, na Washkansky alifariki tarehe 21 Desemba, siku ya 18, moyo aliopewa ukiwa bado unapiga vizuri.

Sitaki kuwalaumu. Swali lile lile liliwaua wagonjwa wengi katika hospitali nyingine, na upande wa fangasi lilikuwa gumu zaidi kwa sababu bakteria huota maabara kwa siku moja au mbili, kuvu anaweza kuchukua wiki au asiote kabisa. Hospitali nyingi ziliuacha upandikizaji wa moyo miaka michache baada ya shamrashamra za 1968. Norman Shumway, kule Stanford, California, alikataa kuacha. Aspajilasi alikuwa miongoni mwa wauaji wa wagonjwa wake wa mwanzo, na ni katika vyumba kama vile ndipo ilipozoeleka kumtoboa mgonjwa kifua kwa sindano mapema, kuchukua kipande cha kivuli na kukitazama, badala ya kungoja.

Dawa ya kuwatibu ilikuwepo, moja tu, na yenyewe ilitoka udongoni: udongo wa Venezuela, kandokando ya mto Orinoco, ambamo wanasayansi wa kampuni ya Squibb walipata katikati ya miaka ya 1950 kijidudu cha ukoo ule ule wa kile cha Hazen. Ikaitwa amfoterisini B. Hii inaweza kuingia kwenye mshipa. Huifikia ngozi ya kuvu, hunata kwenye mafuta yake yanayoitwa ergosteroli, huitoboa, na uhai wa kuvu unavuja. Shida ni kwamba mafuta hayo ni binamu wa kolesteroli iliyomo katika ngozi ya seli zetu, na dawa haichagui kwa makini. Mgonjwa aliwekewa dripu ya saa nyingi huku akitetemeka kitanda kizima, akitapika, homa ikipanda. Wauguzi wa Marekani waliipa majina ya utani ambayo hayapendezi kuyarudia mbele ya mgonjwa. Na kiungo ilichokiumiza kuliko vyote ni figo.

Tafakari hapo kidogo. Mtu amengoja figo miaka, ndugu yake amekubali kulazwa na kupasuliwa ili ampe ya kwake, kisha kuvu anaingia na dawa pekee inayoweza kumwokoa inaiua figo ile. Madaktari wa miaka ya 1960 na 1970 walilazimika kupima maisha kwa figo, na mara nyingine walisimamisha dawa zote za kulaza kinga, wakaiachia figo ikataliwe, mgonjwa arudi kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa hai.

Mwaka 1969, Hans Peter Frey, mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya Basel, Uswisi, alikuwa likizoni Norwei, kwenye nyanda za juu za Hardangervidda. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kuwaomba wafanyakazi wanaosafiri warudi na udongo. Naye alirudi nao, kama Hazen miaka 21 kabla yake, na kwa sababu ile ile. Sandoz walikuwa wanatafuta dawa ya fangasi.

Ndani ya udongo ule mlikuwa na kuvu aliyetoa kitu chenye nguvu ndogo dhidi ya fangasi wenzake. Hafifu, hakikufaa kuuzwa. Lakini hakikuonekana na sumu kubwa, na kwa bahati kampuni ilikuwa imeanza kupitisha kila kitu kipya katika majaribio mengine kadhaa. Mwaka 1972, katika maabara ya Hartmann Stähelin na Jean-François Borel, ilionekana kwamba kitu hicho kinalaza kinga ya panya bila kuua seli zao. Kiliitwa siklosporini. Kilipopewa binadamu ndani ya kidonge hakikuingia kwenye damu, maana hakipendi maji. Borel akakiyeyusha katika pombe na kukinywa mwenyewe, na safari hii kilionekana katika damu yake. Huko Cambridge, ambako Roy Calne alikuwa akifanya kazi wakati huo, daktari mpasuaji Mgiriki, Alkis Kostakis, alikihitaji kwa panya wake na akakwama pale pale, hadi alipokichanganya na mafuta ya zeituni aliyoletewa na mama yake kutoka Ugiriki. Mwaka 1978 Calne aliripoti wagonjwa wa kwanza wa figo waliotibiwa nacho. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliidhinisha kiuzwe, na upandikizaji wa ini, moyo na mapafu ukatoka kwenye majaribio, ukawa tiba.

Watu waliokwenda udongoni kutafuta silaha ya kuua kuvu walirudi na dawa iliyomfungulia kuvu mlango mpana kuliko yote katika historia ya tiba. Haikutokea mara moja tu, ndiyo maana siwezi kuiona kama bahati mbaya. Udongo uliochukuliwa na msafara wa Kanada katika kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki, miaka ya 1964 na 1965, ulitoa rapamisini. Suren Sehgal na wenzake mjini Montreal waliitambua kwanza kama dawa ya kandida, wakaja kugundua inalaza kinga, na mwaka 1999 iliidhinishwa kwa waliopandikizwa figo. Takrolimasi, inayomezwa leo na wengi wao, ilitoka katika udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Asidi ya mikofenoli ilipatikana katika ukungu na Mwitaliano Bartolomeo Gosio mwaka 1893, ikakaa karibu miaka mia moja bila kazi kabla ya kuingia kwenye orodha hiyo.

Maelezo yako ndani ya seli. Kuvu na binadamu ni jamaa wa karibu kuliko tunavyopenda kukubali, karibu zaidi kuliko binadamu na bakteria. Siklosporini na takrolimasi huzima kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, ambacho seli zetu za kinga hukitegemea ili ziamke. Kuvu naye anacho. Kriptokokasi akinyang'anywa kalsinurini hawezi kuota katika joto la nyuzi 37, wala kumwua mnyama. Hilo lilionyeshwa mwaka 1997. Kidonge anachomeza mgonjwa kinamdhoofisha kuvu kweli, kama walivyotumaini Basel, ila kinamdhoofisha bawabu zaidi. Ukaribu huo wa damu unaeleza pia kwa nini dawa nzuri ya kuvu ni ngumu kuitengeneza: unachomlenga nacho kinakupata na wewe.

Nafuu ilikuja vipande vipande. Kipande kikubwa kilikuwa dawa ambayo mitaani kwetu haihitaji utambulisho, Septrini. Mwaka 1977 Walter Hughes, daktari wa watoto wenye saratani mjini Memphis, alionyesha kwamba watoto wakimeza dawa hiyo kila siku hawapati homa ya mapafu ya nimosistisi, iliyokuwa ikiwaua pia waliopandikizwa. Wakati huo nimosistisi alihesabiwa pamoja na vijidudu vya jamii ya malaria. Mwaka 1988 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha ni fangasi. Hana ergosteroli, ndiyo sababu amfoterisini haimfanyi kitu. Dawa rahisi ya vidonge ilikuwa imemzuia kwa miaka 11 kabla hajajulikana ni nani.

Katika maabara za Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, kikundi cha Ken Richardson kilitengeneza flukonazoli, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni kidonge, na haiumizi figo. Kandida na kriptokokasi wakapata mshindani, aspajilasi hakuijali. Miaka ya 1990 amfoterisini ilifungwa ndani ya vipovu vidogo vya mafuta, na figo zikapumua. Kisha ikaja vorikonazoli, na mwaka 2002 jaribio lililoongozwa na Raoul Herbrecht wa Strasbourg, Ufaransa, kwa wagonjwa wa aspajilasi ambao wengi walikuwa na saratani ya damu au wamepandikizwa uboho, lilionyesha asilimia 70.8 wakiwa hai baada ya wiki 12, dhidi ya asilimia 57.9 ya waliopewa amfoterisini ya zamani.

Dawa hizi za jamii ya azoli zina mtego ambao kila aliyepandikizwa anapaswa kuambiwa kwa lugha anayoielewa. Huzuia ini kuvunja takrolimasi na siklosporini. Mgonjwa akianzishiwa vorikonazoli bila kupunguziwa takrolimasi hadi kama theluthi moja ya dozi yake, takrolimasi inajaa kwenye damu na kuichoma figo. Siku vorikonazoli ikisimamishwa, dozi isiporudishwa, takrolimasi inashuka na figo inakataliwa. Mtu anaweza kuvuka salama ugonjwa wa kuvu akaipoteza figo kwa hesabu ya vidonge. Na hata flukonazoli ya kawaida, ile inayonunuliwa duka la dawa kwa fangasi za ukeni bila mtu kuulizwa chochote, iko katika kundi hilo.

Kati ya mwaka 2001 na 2006 vituo 23 vya Marekani viliunganisha kumbukumbu zao. Kwa waliopandikizwa viungo kama figo, ini na mapafu, walipata wagonjwa 1,063 wenye maambukizi 1,208 ya fangasi wa ndani. Zaidi ya nusu yalikuwa kandida, karibu moja kati ya matano aspajilasi, asilimia 8 kriptokokasi. Figo ndiyo iliyopata unafuu, asilimia 1.3 ya wapokeaji katika mwaka wa kwanza. Mapafu, yanayovuta hewa ya dunia moja kwa moja, yalikuwa asilimia 8.6. Utumbo mdogo, nyumbani kwa kandida, asilimia 11.6. Waliopatwa na aspajilasi, asilimia 59 tu waliuona mwaka mmoja mbele, na hiyo ni katika hospitali zenye kila kipimo.

Afrika Mashariki ilimjua kriptokokasi kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 Ukimwi ulijaza wodi za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kwa vijana wenye kichwa kinachouma hadi hawawezi kufungua macho, maji ya uti wa mgongo yakibubujika kwa shinikizo sindano ikiingia. Madaktari wetu waliujifunza ugonjwa wa fangasi pale, kwa wagonjwa ambao bawabu wao hakulazwa na daktari bali aliuawa na kirusi. Ujuzi huo umeirudia dunia: mwaka 2022 jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini lilithibitisha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya vipovu, pamoja na wiki mbili za vidonge, inatosha mahali pa siku nyingi za dripu. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wanaostahili kipaumbele. Kriptokokasi, aspajilasi na kandida wa aina mbili wako juu kabisa.

Upandikizaji wenyewe sasa uko nyumbani. Kenya ilitangulia kwa miongo. Tanzania, iliyokuwa ikiwapeleka wagonjwa wake India, ilipandikiza figo ya kwanza Muhimbili mwezi Novemba 2017, madaktari wa India wakiwa kando ya wenyeji, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafanya yake pamoja na Wajapani. Uganda ilifuata Mulago mwaka 2023. Kila moja ya figo hizo ni furaha ya kweli kwa mtu aliyekuwa akifungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na kila moja inamweka mwenye nayo katika kundi lile lile la wagonjwa wa Denver. Anahitaji kipimo cha kiwango cha takrolimasi, anahitaji kipimo cha kuvu katika damu, anahitaji amfoterisini isiyoumiza figo iwepo stoo siku homa itakapopanda. Hapo ndipo penye pengo, na halizibwi na ustadi wa mpasuaji.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya udongo na mabaki ya mimea waliyoyachukua Tanzania. Waliotesha humo Aspergillus fumigatus asiyesikia dawa za azoli, mwenye mabadiliko ya vinasaba yale yale yaliyojulikana kwanza Uholanzi, ambako yalihusishwa na viuakuvu vya mashambani. Viuakuvu hivyo, vinavyonyunyiziwa nafaka na maua, ni ndugu wa vorikonazoli. Kuvu anajifunza kuvistahimili shambani, anapeperuka, na anafika kwenye pafu la mgonjwa akiwa tayari ameijua dawa ambayo mgonjwa huyo hajawahi kumeza.

Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa figo anaporuhusiwa kurudi kijijini, muuguzi anaketi naye na ndugu zake kabla ya kuwapa karatasi ya kliniki. Vidonge vya takrolimasi saa ile ile asubuhi na jioni. Septrini kila siku. Asifagie banda la kuku wala la njiwa, asiingie kwenye ghala la mahindi yaliyoota ukungu, asikae karibu na nyumba inayobomolewa. Samadi waigeuze wengine. Na msimu wa kulima ukifika, kama hapana budi ashike jembe, afunge barakoa vizuri puani kabla hajaligusa shamba.